Nyumba Nne za Samaki Mmoja

Tumpe alimtambua yule samaki tangu siku ya kwanza, ila hakuwa na ruhusa ya kumtaja jina mbele ya mwenyewe.

Mwenye samaki alikuwa baba mkwe wake, mzee Andongwisye, mstaafu wa mizani ya malori. Siku hiyo, mwanzoni mwa mwaka jana, alirudi nyumbani Mpemba akitokea sokoni Chapwa, amekumbatia kopo kubwa la plastiki, yale ya kuwekea peremende dukani. Ndani ya kopo mlikuwa na maji, na ndani ya maji mlikuwa na kitu chenye urefu wa kidole, cheusi, kichwa bapa, ndevu nane.

"Mtoto wa papa," mzee alimtangazia mwanawe Gasper pale sebuleni. "Papa wa maji baridi. Ametoka Kongo kwenye lori, kapita Zambia yote akiwa hai. Yule bwana alikuwa nao wawili tu, mmoja kachukuliwa na daktari."

"Eeh, tata," Gasper alijibu, kama alivyomjibu baba yake tangu alipoanza kusema.

Tumpe alikuwa nyuma ya pazia la mlango wa jikoni, anachuja chai. Akachungulia, akaona, akarudi kwenye chai yake akiwa ameuma midomo. Alikuwa amekulia Ileje, kwenye mteremko karibu na Itumba, ambako baba yake mzazi alichimba mabwawa mawili nyuma ya migomba, moja la perege na jingine la kambale. Tumpe amewalisha kambale pumba, amewatenga wakubwa na wadogo ili wasilane, amechomwa na miba ya mapezi yao mpaka vidole vikavimba. Kilichokuwa kwenye kopo la peremende kilikuwa kambale. Kambale huyuhuyu anayebanikwa akiwa amekunjwa duara, mkia mdomoni, na kupangwa kwenye ungo katika kila soko kuanzia Kamsamba mpaka mpakani. Huyo daktari naye alikuwa amepigwa, kama kweli alikuwapo.

Neno moja lingetosha kumaliza mambo yote. Lakini katika ukoo wa mzee Andongwisye mke wa mwana hasemi na baba mkwe. Hamtazami usoni wala halitaji jina lake, na wakikutana koridoni yeye hugeukia ukuta mpaka mzee apite. Mzee naye hamtazami mkwewe, haingii jikoni, hakalii kiti alichokalia yeye, na chumba anacholala mkwe hatii mguu hata paa liwe linaungua.

Siti, jirani yao, mtu wa Tanga aliyeletwa Mpemba na mume dereva wa malori, alipoelezwa mambo hayo mara ya kwanza alicheka mpaka akashika ukuta.

"Sasa shoga yangu, moto ukiwaka atakutoa nani?"

"Gasper."

"Na Gasper akiwa kazini?"

"Basi nitaungua kwa heshima," alisema Tumpe.

Zamani maneno ya nyumba ile yalibebwa na mama mkwe, mwanamke hodari aliyejua kuchukua hasira jikoni na kuifikisha sebuleni ikiwa imeshakuwa ombi. Alikuwa amefariki miaka miwili kabla ya samaki. Tangu hapo mjumbe aliyebaki ni Violet, binti wa Gasper na Tumpe, mwenye miaka mitano, na Violet akiwa shule basi Tumpe huzungumza na vitu. "Wewe kuku, chakula kiko mezani kinapoa," angesema kwa sauti pale uani, na mzee angekohoa, angenyanyuka barazani, angekuja kula. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kwamba vitu vinamjia vyenyewe, vinapanda mizani, vinasubiri asome namba.

Miaka ishirini na sita alisoma namba. Malori ya shaba, ya mbolea, ya saruji, yote yalisimama mbele yake kwa adabu. Alipostaafu namba zilikatika ghafla, akawa anashinda anahangaika, mara apime upana wa geti, mara apime kivuli cha mparachichi. Basi samaki akaja kumwokoa. Mzee akamwita Balozi, kwa sababu katoka nchi ya nje. Akamnunulia daftari kubwa la kaunta, na kila Jumamosi saa kumi jioni alilaza futi kamba juu ya chombo chake, akamsubiri Balozi atulie, akaandika inchi zake kwa kalamu ya risasi. Balozi alipopanda juu kuvuta hewa, kama kambale wote duniani wanavyovuta, mzee aliwaambia wageni kwamba anampigia saluti.

Baada ya miezi miwili kopo la peremende likawa halimtoshi. Gasper akaagizwa atengeneze nyumba ya pili.

Na hapa ndipo ilipokuwa shida ya Tumpe, maana Gasper ndiye fundi. Alikuwa na karakana ya aluminiamu na vioo kando ya barabara kuu, na nusu ya madirisha ya maduka ya Tunduma yalipita mikononi mwake. Makabati ya vioo ya maduka ya simu, milango ya kusukuma ya maduka ya kubadilishia fedha, vyote kazi yake, na kazi safi. Dirisha la chumba alicholala na mkewe lilikuwa limezibwa kwa mfuko wa saruji. Tangu walipooana alikuwa akisema ataliwekea kioo wiki ijayo.

Tangi la pili lilikuwa la futi mbili, lilitoka kwa siku moja. Mzee akanunua Mbeya samaki wawili wadogo wa dhahabu ili Balozi asiwe mpweke. Asubuhi walikuwa hawapo, na Balozi alikuwa ametulia chini ameshiba. Mzee akapiga hesabu zake, akamshtaki paka wa Siti. Siti akaja juu, akasimama getini na paka wake mkononi, akaapa kwamba mnyama huyu tangu azaliwe hajui hata kuogelea. Tumpe aliyesikia kila kitu kutoka jikoni alijifunika kanga mdomoni na kukohoa mpaka machozi yakamtoka.

Kicheko chenyewe hakikudumu. Karibu na Krismasi Balozi akatakiwa kuhamia nyumba ya tatu, futi nne kamili, na nyumba hiyo ilihitaji pale sebuleni mahali penye kabati la marehemu mama mkwe. Kabati likahamishiwa chumbani kwa Gasper na Tumpe.

Chumba chao kilikuwa uani, futi kumi kwa tisa. Kilikuwa na kitanda, godoro la Violet, masanduku mawili, pikipiki mbovu ya Gasper iliyokuwa ikisubiri spea, na sasa kabati la milango mitatu. Ili kufika kitandani ilibidi Tumpe aingie kwa ubavu. Mwezi huohuo akajigundua ni mjamzito, na akajua kwamba kuingia kwa ubavu kuna mwisho wake.

"Itabidi umwambie baba," alimwambia Gasper. "Mwaka huu mahindi ameuzia shambani, stoo iko tupu. Sakafu ya saruji, dirisha lipo. Tunaomba stoo, basi. Hatuombi ikulu."

"Nitamwambia."

"Umwambie na hali yangu."

Gasper akajikuna shingo. Mtoto wa kiume anaanzaje kumwambia baba yake mambo ya mimba ya mkewe? Hiyo ilikuwa kazi ya mama. Na mzee mwenyewe asingeona, kwa sababu kuona ndiko alikokatazwa. Kwa hiyo katika nyumba ile viumbe wawili walikuwa wanakua kwa pamoja; mmoja alipimwa kila Jumamosi na kuandikwa kwenye daftari, na mwingine alikuwa anajulikana na nesi wa kliniki peke yake.

Mara tatu Gasper alikwenda sebuleni kuomba stoo. Mara ya kwanza alirudi na habari kwamba Balozi amefikisha inchi ishirini na mbili. Mara ya pili alirudi na maagizo ya maini ya ng'ombe. Mara ya tatu, mwezi wa saba, Tumpe alisimama nyuma ya pazia ili asikie kwa masikio yake.

"Umefanya vizuri kuja," mzee alikuwa akisema. "Nilitaka nikuite. Huyu futi nne hazimtoshi tena, akigeuka mkia unagonga. Kiumbe akibanwa anadumaa, Gasper. Mwili unataka kukua, mahali hapataki. Hiyo ni dhambi, mimi siwezi kuibeba."

"Eeh, tata. Na mimi nilikuwa nataka kusema habari ya stoo..."

"Hapohapo! Umeona mwenyewe. Nimeshapima. Futi nane kwa mbili na nusu kwa mbili na nusu. Maji peke yake tani moja na ushee, sakafu ya sebule haiwezi kubeba. Sakafu ya stoo nilimwaga kwa ajili ya magunia, ile inabeba hata trela. Kioo weka milimita kumi na mbili, usiniletee vya kabati la simu."

"Eeh, tata," alisema Gasper.

Tumpe hakusubiri afike chumbani. Alimkuta uani penye kamba ya nguo.

"Nyumba nne, baba Violet," alimwambia. Hakupandisha sauti, angepandisha, ingefika sebuleni, na adabu bado alikuwa nayo. "Umemjengea samaki nyumba nne. Mimi tangu umenioa nalala na mfuko wa saruji dirishani. Huyu akizaliwa nitamlaza wapi? Juu ya pikipiki?"

"Nimeanza kumwambia, akanikatiza."

"Anakukatiza tangu uzaliwe."

Gasper akaangalia viatu vyake. Alikuwa mtu mpole, na Tumpe alikuwa amempendea upole huohuo, jambo lililomfanya siku hiyo akasirike mara mbili, na mara ya pili alijikasirikia mwenyewe.

Akaamua kusema mwenyewe, kwa njia zinazoruhusiwa. Kesho yake mzee alipokaa barazani, dirisha la sebule likiwa wazi nyuma ya kisogo chake, Tumpe alichukua kitambaa akaanza kufuta tangi.

"Wewe Balozi," alisema, kwa sauti ya kufika barazani. "Hiyo stoo unayoitaka ina mwenyewe. Kuna mtu yuko njiani anakuja kukaa na sisi, na pa kumweka hatuna. Usijifanye hujui."

Balozi akapanda juu, akavuta hewa, akashuka. Barazani mzee akakohoa. Tumpe akasikia kile kikohozi akajua kimefika, na moyo ukamtulia kwa mara ya kwanza katika miezi mingi.

Jioni Gasper akamletea majibu, akiyasema huku anatazama pembeni. "Baba anasema amefurahi sana. Anasema hakujua kwamba unampenda Balozi kiasi cha kumsemesha. Kuanzia sasa wewe ndiye utakayemlisha. Halafu anasema, hao ndugu zako wanaokuja kutoka Ileje wanakaribishwa, ila walale kwa majirani. Stoo ina kazi."

Basi Tumpe akawa mlishaji wa kambale, kazi aliyoikimbia Ileje kwa kuolewa.

Nyumba ya nne iliingia stoo mwezi wa nane. Iliingizwa na wanaume sita, na mzee alisimama mlangoni akiwaelekeza kwa mkono, rudi nyuma, njoo kulia, simama, kama enzi zake. Majirani walikuja kuona. Siti alikuja na paka. Balozi alisafirishwa kwa ndoo kutoka sebuleni, akamwagwa kwenye maji mengi, akaenda moja kwa moja kwenye kona ya giza, akakaa hapo asisogee tena. Ndivyo walivyo kambale. Ukiwapa bahari watatafuta tope. Mzee akasema anatafakari.

Tumpe aliangalia yote hayo akiwa amejitanda kanga mbili, ameugeukia ukuta inavyotakiwa. Ulipobaki ukuta peke yake mbele ya macho yake, alianza kufikiri juu ya ukuta. Chumba cha futi kumi kwa kumi. Tangi limechukua mbili na nusu. Zinabaki saba na nusu kwa kumi, na dirisha. Yeye naye alikuwa anajua kupima.

Jumatano iliyofuata mzee Andongwisye, aliyekuwa mzee wa kanisa, alivaa koti akaenda Mbozi Mission kwenye kikao cha wazee. Tumpe alimsubiri apande gari, akampigia simu Gasper arudi nyumbani.

"Shika huko kichwani," alimwambia, yeye ameshashika kitanda upande wa miguu.

"Kwenda wapi?"

"Stoo."

Gasper akaachia mbao kana kwamba ina moto. "Mama Violet! Baba atasema nini?"

"Atasema na nani? Mimi haongei na mimi. Hata akitaka kunigombeza hawezi, hatujafikia huko. Nyanyua, na mimi sitakiwi kunyanyua."

Gasper alimtazama mkewe, akalitazama tumbo lililokuwa katikati yao, na kwa kweli hakuna ajuaye kilichompata, pengine ni aibu tu iliyofika mwisho. Alikibeba kitanda peke yake. Akabeba na godoro la Violet, na masanduku. Kabati na pikipiki akaviacha vikae pamoja. Tumpe akatundika kanga mlangoni mwa stoo, ile ya harusi, anayoijua kila mtu wa nyumba ile.

Mzee alirudi saa tisa. Alivua koti, akachukua daftari ingawa haikuwa Jumamosi, akaenda moja kwa moja stoo kumsalimu Balozi. Mguu wake wa kulia ulikuwa umeshanyanyuka kuvuka kizingiti alipoiona kanga. Pembeni ya kanga, kwa ndani, lilionekana tendegu la kitanda.

Ule mguu ulibaki hewani kwa muda ambao Siti, aliyekuwa akichungulia kwenye ua, alikuja kuusimulia kwa miezi kadhaa. Kisha ukarudi chini taratibu, ukaenda nyuma, na mguu mwingine ukaufuata. Mzee akageukia ukuta.

Alimwita Gasper barazani. Tumpe alikuwa ndani ya stoo, ameketi kitandani pembeni ya tangi, anasikiliza. Sasa yangeamuliwa. Mzee angesema neno moja tu, toeni, na Gasper angesema eeh, tata, na yeye angezalia nyuma ya pikipiki.

"Gasper," mzee alianza. "Nimeona stoo kuna... kuna vitu."

"Vitu gani, tata?"

Tumpe akainua kichwa. Alikuwa hajawahi kumsikia mumewe akimuuliza baba yake swali.

"Vile vitu vilivyoingia."

"Tangi?"

"Si tangi! Hivyo vingine. Vya... vya miguu minne."

"Kuna meza, tata?"

Mzee Andongwisye akapumua kwa nguvu puani. Kukiona kitanda cha mkwe ni aibu. Kukitaja ni aibu kubwa zaidi. Na kusema kitoke hapa kiende pale ni aibu isiyo na jina. Tani zote alizozipima maishani hazikuwa nzito kama neno lile.

"Nani kaamua?" aliuliza mwishoni, kwa sauti ndogo.

"Tuliona Balozi analala peke yake," alisema Gasper. "Tukaona si vizuri."

Tumpe alijitupa kitandani akauma mto. Usiku wa kuamkia ndoa yake hakumpenda Gasper kama alivyompenda mchana ule.

Kuanzia hapo mzee akawa mtu wa nje ya dirisha. Gasper alikuwa ameliwekea kioo dirisha la stoo siku ileile, kabla hajaulizwa, na Tumpe aliliwekea pazia. Kila Jumamosi saa kumi mzee alisimama pale na daftari, ameupa ukuta mgongo, akapaza sauti.

"Violet! Muulize mama yako, Balozi leo ana inchi ngapi."

Tumpe alilaza futi kamba juu ya kioo, akasoma, akamtuma Violet na namba. Hakumdanganya hata mara moja. Angeweza, na Siti alimshauri ampunguzie mzee inchi mbili kila wiki mpaka akonde, lakini Tumpe alikataa. Mkwe hakuwa mzaha kwake. Alimwogopa, na alikuwa amemchoka, na wakati mwingine, akimsikia anavyokuna kalamu huko nje kama mwanafunzi, alimwonea huruma pia.

Huruma hiyo iliondoka wiki ya kwanza ya Septemba. Alasiri ya Alhamisi uchungu ulimshika, Gasper akampeleka hospitali kwa bajaji, akarudi kuchukua nguo. Akamwambia baba yake, "Mwenzangu yuko hospitali." Mzee alisikitika, akasema malaria ya msimu huu ni mbaya, akamwombea. Akamaliza kuomba, akauliza, "Na Balozi atalishwa na nani?"

Gasper, kwa kukosa akili, alikwenda kumwambia mkewe kama kichekesho. Mtoto alikuwa ameshazaliwa, wa kiume, amelala kwenye kanga. Tumpe alisikia, akageuza uso, akalia. Alilia kwa sauti, wala hakujali wenzake wa wodini. Miezi tisa alikuwa amepita mbele ya mlango wa mtu yule mara kumi kwa siku, na aliyekumbukwa ni kambale.

Walirudi nyumbani Jumamosi saa sita, mzee akiwa kanisani. Saa kumi, kama saa ya ukutani, miguu yake ilifika dirishani. Akakohoa. Akafungua daftari.

"Violet! Mama yako ameshapata nafuu? Mungu mwema. Muulize, Balozi leo ana inchi ngapi."

Violet akamtazama mama yake. Tumpe alikuwa ameketi kitandani na mtoto mapajani. Futi kamba ilikuwa palepale juu ya tangi. Akanyoosha mkono, akaichukua, akailaza taratibu kuanzia utosini mpaka kisiginoni.

"Mwambie babu, ishirini."

"Babu, ishirini!"

Kalamu ikaandika, ikasimama. "Ishirini? Wiki iliyopita alikuwa ishirini na sita!" Sauti ilipanda. "Amepungua inchi sita! Amempa nini huyo? Muulize mama yako, samaki anaumwa? Anakula? Muulize..."

Mtoto akaamka. Alilia kilio kile cha siku mbili, chembamba, cha kukasirikia dunia nzima.

Violet ndiye aliyetia kichwa dirishani, nje ya pazia, kumsaidia babu yake.

"Babu, huyu si Balozi. Huyu ni mdogo wangu. Anaitwa Ezron."

Tumpe alimnyonyesha mtoto mpaka akanyamaza, na bado miguu ya nje ilikuwa haijaondoka. Alisikia daftari likifungwa. Alisikia likifunguliwa tena. Sauti ilipokuja ilikuwa ya mtu mzee sana.

"Violet. Muulize mama yako. Huyo... anahitaji futi ngapi?"

Tumpe akaligeukia tangi. Balozi alikuwa kwenye kona yake, katika maji yake ya tani moja na ushee, amejibana kwenye pembe ambayo kopo la peremende lingeitosha.

"Wewe Balozi," alisema, kwa sauti kubwa, ya kufika nje. "Mwambie mwenye daftari anahitaji futi nane. Zipo humuhumu, ila zimekaliwa."

Jumatatu wanaume sita walirudi. Balozi alisafirishwa Ileje kwenye pipa la plastiki nyuma ya pikapu, mzee amekaa pembeni yake ameshikilia mfuniko, akamwagwa kwenye bwawa la baba yake Tumpe. Mzee Andongwisye alisimama ukingoni akatazama maji yanavyochemka kwa vichwa bapa na ndevu, mamia, wote wanapiga saluti, na akashindwa kujua Balozi ni yupi.

"Kumbe na wewe mkwe unafuga papa," alisema.

Baba yake Tumpe alikuwa mtu wa adabu, na mkwe ni mkwe. "Kidogo kidogo tu, mkwe," alijibu, na jioni akampikia perege.

Tangi lilivunjwa, kioo chake kikawa madirisha. Jumamosi iliyofuata saa kumi miguu ilifika dirishani, kikafuata kikohozi, halafu ncha ya futi kamba ikapenya chini ya pazia, ikatambaa mpaka kitandani. Tumpe akaishika, akaiweka kwenye utosi wa Ezron, akainyoosha mpaka kisiginoni, akabana kwa kidole penye alama na kuirudisha nje hivyohivyo. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

"Ishirini na nusu!" mzee alisoma, akaandika, kisha akamwita mwanawe kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi. "Gasper! Gasper, njoo uone! Nusu inchi kwa wiki moja. Si niliwaambia? Kiumbe akipewa nafasi anakua. Nani katika nyumba hii aliyewaambia?"

"Wewe, tata," alisema Gasper.